Figo na Hazina ya Fosfati Mwilini

Milima ya Vidunda imesimama upande wa kusini wa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ikilitazama bonde la Mto Ruaha Mkuu na, ng'ambo ya mto huo, safu ya milima ya Udzungwa. Kaskazini yake ipo Mikumi na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkulima anayepanda mahindi na maharage katika miteremko ya Vidunda, na twiga anayekula majani ya migunga huko Mikumi, wana haja moja wanayoshirikiana ingawa hawaijui: wote wawili hawana budi kupata elementi iitwayo fosforasi, na wakiisha kuipata, kuitunza.

Mimea huipata fosforasi udongoni ikiwa katika umbo la fosfati. Lakini udongo mwekundu wa nchi za joto una chuma na aluminiamu kwa wingi, na madini hayo huishika fosfati kwa nguvu hata mizizi ikaambulia kidogo tu. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa kutia mbolea za fosfati, na ndiyo sababu mawe ya fosfati yanayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ni mali kubwa kwa taifa. Wanyama nao huonyesha upungufu huo kwa njia yao. Twiga amejulikana kuokota mifupa mikavu na kuitafuna. Katika miaka ya 1920, huko Afrika Kusini, Arnold Theiler na wenzake walithibitisha kuwa ng'ombe waliokula mifupa ya mizoga walifanya hivyo kwa sababu malisho yao yalikuwa na upungufu wa fosforasi. Tena walipopewa unga wa mifupa, tabia hiyo ilipungua.

Kitu kinachopatikana kwa shida hakitumiwi ovyo. Mwili wa binadamu unayo idara maalumu ya kuamua ni fosfati kiasi gani itunzwe na kiasi gani itupwe. Idara hiyo ni figo. Makala haya yanaeleza jinsi seli za figo zinavyoifanya kazi hiyo, jinsi zinavyopokea amri kutoka sehemu nyingine za mwili, na madhara yanayompata mtu amri hizo zinapoharibika.

Fosfati na kazi zake

Mwili wa mtu mzima una gramu 700 hivi za fosforasi. Asilimia 85 imo katika mifupa na meno, ikiwa imeungana na kalsiamu na kuyapa ugumu wake. Asilimia 14 hivi imo ndani ya seli za misuli na viungo vingine. Asilimia 1 au pungufu ya hapo ndiyo iliyomo katika damu na katika maji yanayozizunguka seli.

Fosfati iliyomo ndani ya seli haikai bure. Imo katika nyuzi za DNA zinazobeba urithi. Imo katika utando unaoifunika kila seli. Imo pia katika ATP, kemikali ambayo seli huitumia kama fedha taslimu ya nishati. Mkulima anapoinua jembe, misuli yake huvunja kifungo cha fosfati katika ATP, na nishati iliyomo ndiyo inayoukunja mkono. Kwa hiyo fosfati ikipungua mno katika damu, misuli hulegea na mifupa hukosa ugumu. Ikizidi mno, huungana na kalsiamu na kuganda mahali pasipostahili, kama vile katika kuta za mishipa ya damu. Hapana budi basi kiasi chake kilindwe pande zote mbili.

Hesabu za figo

Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake. Damu inapopita katika kichujio, maji pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka ndani yake hupenya na kuingia mrijani, ilhali chembe za damu na protini kubwa hubaki. Figo mbili kwa pamoja huchuja lita 180 hivi za maji kwa siku. Ni dhahiri kwamba mtu hatoi lita 180 za mkojo. Sehemu kubwa sana ya maji hayo na vilivyomo ndani yake hurudishwa katika damu wakati yakipita mrijani.

Mwanafunzi anaweza kuifanya hesabu ya fosfati mwenyewe. Lita moja ya maji ya damu ina miligramu 36 hivi za fosforasi iliyo katika umbo la fosfati. Ukizidisha kwa lita 180, utaona kuwa figo huchuja gramu 6.5 hivi kila siku. Maji yote yaliyo nje ya seli katika mwili wa mtu mzima hayazidi sana lita 15, na yana gramu 0.5 hivi tu. Maana yake ni kwamba, kama mirija isingerudisha chochote, na kama mifupa isingetoa akiba yake, fosfati yote iliyo nje ya seli ingekwisha kutoka na mkojo kwa muda wa saa 2 hivi.

Jambo hilo halitokei kwa kuwa mirija hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya fosfati iliyochujwa. Chukua mfano wa mtu aliyekula ugali, maharage na samaki vyenye gramu 1.2 za fosforasi kwa siku, na utumbo wake ukafyonza gramu 0.8. Ili asipungukiwe wala asizidishe, figo zake hazina budi kutoa gramu 0.8 na kurudisha gramu 5.7. Kesho yake akila kidogo, figo zitarudisha zaidi. Akila nyingi, zitarudisha kidogo. Swali ni hili: seli ya figo hujuaje la kufanya?

Mlangoni mwa seli

Kazi ya kuirudisha fosfati hufanyika hasa katika sehemu ya mwanzo ya mrija. Seli za sehemu hiyo zina uso uliojaa vinyweleo vidogo mno, mfano wa brashi, na vinyweleo hivyo huongeza eneo la kupokelea vitu. Fosfati haiwezi kupenya utando wa seli kwa nguvu zake yenyewe, kwa sababu utando huo ni wa mafuta na fosfati ina chaji ya umeme. Huvushwa na protini maalumu zilizochomekwa katika utando, ambazo hapa zitaitwa vichukuzi. Jeni ya kichukuzi kilicho muhimu zaidi ilitambuliwa mwaka 1993 na watafiti wa Zürich, Uswisi, katika maabara ya Heini Murer.

Kichukuzi hicho hakifanyi kazi kwa fosfati peke yake. Kila kinapoivusha fosfati moja, huvusha pamoja nayo ayoni 3 za sodiamu. Sababu yake inaweza kueleweka kwa kulitazama bwawa la Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, chini ya milima hiyo hiyo ya Vidunda. Tangu mwaka 1975 maji yaliyozuiwa juu huteremshwa kwa nguvu na kuzungusha mitambo ya umeme. Maji yanataka kushuka, na mtambo hutumia hamu yao hiyo kufanya kazi nyingine. Katika seli ya figo, pampu iliyo upande wa damu huitoa sodiamu nje bila kupumzika, ikitumia ATP, hata sodiamu iliyomo ndani ya seli huwa kidogo sana kuliko ile ya mrijani. Sodiamu ya mrijani hutaka kuingia kama maji yanavyotaka kushuka, na kichukuzi huitumia nguvu hiyo kuivuta fosfati ndani. Kisha fosfati hutokea upande wa pili wa seli na kuingia katika damu.

Kutokana na maelezo haya msomaji angeweza kudhani kwamba seli ikitaka kupunguza fosfati hupunguza mwendo wa kila kichukuzi. Utafiti umeonyesha njia nyingine. Seli hubadilisha idadi ya vichukuzi vilivyo usoni pake. Vikiwa vingi, fosfati hurudi kwa wingi; vikiondolewa, fosfati hupita na kwenda zake katika mkojo. Jambo hili ndilo kiini cha udhibiti wote unaofuata.

Tarishi kutoka shingoni

Nyuma ya tezi ya thiroidi, ile inayovimba mtu anapopata rovu, mna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida 4, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele au kuzidi kidogo. Zinaitwa parathiroidi. Richard Owen aliziona kwanza karibu mwaka 1850 alipompasua kifaru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1880 Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden, alizieleza katika mwili wa binadamu. Mwaka 1925 James Collip, huko Kanada, alitangaza kuwa amepata dondoo ya tezi hizo yenye nguvu ya kupandisha kalsiamu katika damu. Mwaka 1934 Read Ellsworth na John Howard, wa Marekani, waliwadunga watu dondoo hiyo katika mshipa, na muda mfupi baadaye fosfati ikaongezeka katika mkojo wao.

Homoni ya parathiroidi hutolewa kalsiamu inapopungua katika damu. Huenda mifupani na kuamuru akiba ifunguliwe. Lakini mfupa hauwezi kutoa kalsiamu bila kutoa fosfati, maana vimefungwa pamoja. Kama fosfati hiyo ingebaki katika damu, ingeishika tena kalsiamu na kazi yote ingekuwa bure. Kwa hiyo homoni hiyo hiyo huenda figoni na kuamuru fosfati itupwe, wakati kalsiamu ikitunzwa.

Ifikapo kwenye seli ya figo, homoni haiingii ndani. Hubisha hodi kwa kujishikiza kwenye kipokezi kilicho katika utando. Kipokezi huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mviringo, na hiyo ndiyo inayolichukua neno na kulieneza ndani ya seli, mithili ya tarishi wa pili aliyepokea barua mlangoni. Earl Sutherland wa Marekani, aliyeigundua kemikali hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Amri inapofika, protini inayovifunga vichukuzi usoni mwa seli huviachia. Vichukuzi hutumbukia ndani na kupelekwa kwenye vifuko vya kuvunjia protini. Vingi huondolewa kwa muda usiofika saa moja. Haviondoshwi kwa kuwekwa ghalani: huvunjwa, na seli ikivihitaji tena sharti iunde vipya, kazi inayochukua saa kadhaa.

Uthibitisho mzuri wa mpango huo ulitokana na ugonjwa. Mwaka 1942 Fuller Albright na wenzake, huko Boston, waliwaeleza wagonjwa waliokuwa na kila dalili ya kukosa homoni ya parathiroidi, na kumbe walipodungwa homoni hiyo fosfati haikuongezeka katika mkojo. Homoni ilikuwapo, aliyekosekana ni msikilizaji. Mwaka 1967 Lewis Chase na Gerald Aurbach walionyesha kwamba homoni hiyo huongeza AMP ya mviringo katika mkojo wa watu wenye afya. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wa aina ya Albright ongezeko hilo halitokei. Barua ilifika mlangoni, lakini haikuwa na mtu wa kuipokea.

Tarishi kutoka mfupani

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa mfupa ni ghala tu, hupokea na kutoa kwa amri ya wengine. Mwaka 2000 dhana hiyo ilibadilika. Watafiti waliokuwa wakichunguza koo zenye ugonjwa wa kurithi wa kupoteza fosfati waligundua jeni ya homoni iliyopewa jina la FGF23, na ikaonekana kwamba inatengenezwa na seli za mifupa. Fosfati inapozidi mwilini, mfupa wenyewe hutuma homoni hii figoni, nayo huamuru vichukuzi viondolewe. Athari yake huja polepole kuliko ile ya parathiroidi, lakini hudumu.

FGF23 haisikiki figoni bila msaada wa protini nyingine iitwayo Klotho, iliyotangazwa mwaka 1997 na Makoto Kuro-o na wenzake wa Japani. Panya wasiokuwa na protini hiyo walizeeka upesi, mishipa yao ikaganda kalsiamu, wakafa wangali vijana. Jina lake limetokana na mungu wa kike wa Kiyunani anayesokota uzi wa uhai. Leo inajulikana kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na fosfati iliyozidi, kwa kuwa figo za panya hao hazikuweza kuisikia amri ya mfupa.

Jua la kutosha, na bado figo

Kiungo cha tatu katika mpango huu ni vitamini D, inayotengenezwa ngozini kwa mwanga wa jua na inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu na fosfati. Watu wa Afrika ya Mashariki hawakunyimwa jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo katika kila lita ya damu, kiasi kikubwa kuliko cha watu wengi wa Ulaya.

Lakini vitamini itokayo ngozini bado ni mali ghafi. Hupitia kwanza kwenye ini, kisha figo ndizo zinazoikamilisha, kama David Fraser na Egon Kodicek wa Cambridge walivyoonyesha mwaka 1970. Hapa pia matarishi wale wawili wana la kusema. Homoni ya parathiroidi huzihimiza figo kuikamilisha vitamini, FGF23 huzizuia. Kwa njia hiyo mfupa unaposema fosfati imezidi, mlango wa kutokea hufunguliwa figoni na mlango wa kuingilia hupunguzwa utumboni.

Kutokana na hayo inafahamika kwa nini si matege yote yanayoponywa na jua. Yapo matege ya kurithi ambayo FGF23 huzidi mno bila sababu, na mtoto hupoteza fosfati katika mkojo mchana na usiku. Mama anaweza kumwota jua na kumlisha vizuri, na miguu ya mtoto ikaendelea kupinda. Mama huyo hastahili lawama, wala ukoo wake haustahili kunyoshewa kidole kwa ushirikina. Kinachohitajika ni kupima fosfati ya damu na ya mkojo kwa pamoja. Fosfati ikiwa chache katika damu huku ikiendelea kutoka katika mkojo, kosa liko katika amri zinazopelekwa figoni au katika figo zenyewe. Ugonjwa huo hutibiwa kwa fosfati na vitamini D iliyokamilishwa, na tangu mwaka 2018 ipo dawa ya kuizuia FGF23 yenyewe, ingawa bei yake ni kubwa sana.

Figo zinapochoka

Shinikizo la damu, kisukari na maradhi mengine huweza kuua vichujio vya figo kidogo kidogo. Hesabu ya awali inasaidia kuelewa kinachotokea. Tuseme vichujio vilivyobaki ni robo tu. Fosforasi inayochujwa itashuka kutoka gramu 6.5 hadi gramu 1.6 hivi kwa siku. Lakini chakula hakikubadilika, na gramu 0.8 bado sharti zitoke. Mirija iliyobaki itapaswa kuachilia nusu ya kila kinachochujwa, badala ya ile sehemu ya nane ya zamani.

Hilo huwezekana kwa muda mrefu, kwa sababu mfupa na parathiroidi hupaza sauti: FGF23 hupanda, kisha homoni ya parathiroidi nayo hupanda. Daktari akipima fosfati ya damu katika kipindi hicho huikuta ni ya kawaida. Hali hiyo ya kawaida imenunuliwa kwa gharama. Parathiroidi inayopiga kelele kila siku huimong'onyoa mifupa, na FGF23 nyingi huzuia vitamini D isikamilishwe na huulemea moyo. Mwishowe vichujio hupungua mno, hakuna amri inayoweza kusaidia, na fosfati hupanda katika damu. Mgonjwa huwashwa mwili, mifupa humuuma, mishipa yake huwa migumu.

Mashine ya kusafisha damu huondoa sehemu tu ya fosfati, kwa kuwa nyingi imejificha ndani ya seli na mifupa. Ndiyo sababu wagonjwa hupewa dawa za kuishika fosfati tumboni, ambazo humezwa pamoja na chakula. Tarehe za Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kwa mtu wa Vidunda, safari ya kuteremka mlimani na kwenda mjini kusafishwa damu mara 2 au 3 kila wiki ni mzigo usioweza kubebwa na jamaa nyingi. Kuzilinda figo kabla hazijachoka, kwa kupima shinikizo la damu na sukari mapema, ni nafuu kuliko tiba yoyote.

Kuhusu chakula, jambo moja lafaa kujulikana na wengi. Fosfati ya mahindi na maharage imefungwa kwa sehemu kubwa katika kemikali iitwayo fitati, na utumbo hufyonza nusu yake hivi au pungufu. Fosfati inayotiwa viwandani katika nyama za makopo, soseji na soda nyeusi haikufungwa, na karibu yote hufyonzwa. Kwa mtu mwenye figo nzima tofauti hiyo si kubwa, maana vichukuzi vitapunguzwa na ziada itatoka. Kwa mgonjwa wa figo, chupa ya soda yaweza kuwa na hatari kuliko bakuli la maharage. Hata hivyo asibadili mlo wake pasipo ushauri wa mganga.

Mwalimu wa bayolojia anayefundisha juu ya figo huzoea kusema kuwa kazi yake ni kutoa taka. Fosfati inaonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi. Kitu kile kile ni taka leo na hazina kesho, kwa kadiri ya chakula kilicholiwa, hali ya mifupa na kiasi cha kalsiamu katika damu. Seli ya figo haiamui peke yake: husikiliza shingo, husikiliza mfupa, kisha huweka au huondoa vichukuzi usoni pake. Afya ya mkulima anayepanda maharage yake Vidunda hutegemea kwamba mazungumzo hayo yaendelee bila kukatika, na kwamba hospitali iliyo karibu naye iwe na uwezo wa kuyasikiliza mapema, kabla damu yenyewe haijaanza kulalamika.